Mimbari Mbili, Mgombea Mmoja

Mmeuliza wiki hii katika jarida lenu kama yuko msomaji hapa Kenya aliyewahi kubadili kura yake ya urais kwa sababu ya mdahalo wa televisheni. Mimi simo. Midahalo nimeitazama tangu ule wa kwanza wa Februari 2013, na kila mara nimeingia kituoni nikampigia yule yule niliyekuwa nimeshamtia moyoni. Hata hivyo siwaungi mkono watakaowaandikia kwamba midahalo ni kupoteza wakati na stima. Ina faida, ila si ile inayotangazwa.

Nianze na huo wa 2013, maana ndio uliokuwa na watu. Tarehe 11 Februari, wagombea wote wanane walisimama mbele ya kamera katika shule ya Brookhouse, Nairobi. Stesheni kubwa zote zilirusha mdahalo mmoja, kwa hivyo huku Majengo, Mombasa, ungeweza kupita uchochoro mzima usikose neno: swali la mtangazaji Linus Kaikai ulilisikia nyumba hii, jibu ukalidaka nyumba ya tatu. Awali walioalikwa walikuwa sita. Paul Muite akaenda kortini, na ndipo yeye na mwalimu Mohamed Abduba Dida wakaongezwa saa za mwisho. Na ni huyo aliyeongezwa mwisho, Dida, aliyewavunja watu mbavu. Kesho yake kwenye feri, sokoni, afisini, ilikuwa Dida kasema hivi, Dida kajibu vile. Wasomi nao wakawasifu Peter Kenneth na Martha Karua kwa kujibu walichoulizwa, jambo ambalo kwa siasa zetu ni la kusifiwa kweli.

Haya, kura zilipohesabiwa Machi ile, hakuna hata mmoja wa hao watatu aliyefikisha asilimia 1. Uhuru Kenyatta akatangazwa mshindi kwa asilimia 50.07, na Mombasa ikabaki kwa Raila Odinga kama ilivyotarajiwa na kila mtu. Waliochekwa nao hawakupigiwa kura, waliosifiwa hawakupigiwa kura.

Watu husema ni ukabila, kisha mazungumzo yakaishia hapo. Upo, sikatai. Lakini kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi sana, nalo ni hesabu ya katiba yenyewe. Mshindi anatakiwa apate zaidi ya nusu ya kura zote, na juu ya hapo angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani 24 kati ya 47. Hakuna anayeweza kufika huko peke yake. Kwa hivyo mikataba hufungwa mapema: huyu atapewa wizara hii, yule ataletewa kura za kwao. Mwaka 2022 Raila alipomtangaza Martha Karua kuwa mgombea mwenza, mwezi wa Mei, alitaja papo hapo kwamba Hassan Joho, gavana wetu wa Mombasa wakati huo, angekuwa waziri wa ardhi. Ardhi, kwa mtu wa Pwani! Nani huku alikuwa anangoja mdahalo baada ya hapo? Midahalo huja kama wiki mbili kabla ya kura, wakati mzigo umeshapakiwa na kamba zimeshafungwa.

Sasa faida yake ni ipi? Mimi naiona hivi: mdahalo ndio mahali pekee ambapo mgombea hayuko kati ya watu wake.

Fikirini mkutano wa hadhara. Uwanja wa Tononoka hapa Mombasa, jua la saa nane, lori limeegeshwa na vipaza sauti vinavyotetemesha kifua. Vijana wamegaiwa tisheti tangu asubuhi, bodaboda wamewekewa mafuta ya kuzunguka mji wakipiga honi, kina mama wamefunga leso zenye rangi za chama. Viongozi wa hapa wanapanda jukwaani mmoja mmoja kumpasha moto mgeni. Halafu mheshimiwa anashika kipaza sauti na kuuliza kama twaitaka bandari yetu. Nani atajibu kuwa hatuitaki? Anauliza kama twataka hatimiliki za mashamba. Twazitaka. Anauliza kama tumechoka. Tumechoka, tena tangu zamani. Mtu hutoka pale sauti imekauka, na hakuna alichoambiwa. Nimehudhuria mikutano ya pande zote mbili, kwa sababu napenda siasa kama wengine wapendavyo mpira, na nawahakikishia ukivua kofia na kubadilisha rangi hutajua uko wapi.

Mkinisamehe nitakaa kidogo kwenye bandari, maana ndiyo inayonilisha. Mimi ni karani wa mambo ya forodha. Reli mpya ilipoanza kubeba mizigo 2018, makontena mengi yakawa yanapandishwa gari moshi moja kwa moja hadi Embakasi, Nairobi, na mwenye mali anakwenda kuyakomboa huko, yaani kuyalipia ushuru na kuyatoa. Agosti 2019 ikaja amri kwamba mizigo yote ya kutoka nje iende kwa reli. Mombasa ikaandamana. Asiyeishi hapa alidhani ni wenye malori tu wanaolia, kumbe nyuma ya lori moja kuna dereva na utingo wake, fundi wa tairi, mama wa chapati na maharagwe pale Miritini, mlinzi wa yadi, na kina sisi wa makaratasi. Afisi niliyokuwamo wakati ule ilianza kupunguza watu kuanzia meza za mlangoni kuelekea ndani, na meza yangu haikuwa ndani sana.

Ilipofika kampeni ya 2022, kambi zote mbili, ya William Ruto na ya Raila, ziliahidi kurudisha shughuli za bandari Mombasa. Maneno yalikaribiana hata huwezi kuyatofautisha. Mimi, kwa kazi yangu, nilikuwa na swali moja tu. Mizigo ile haikupelekwa Embakasi kwa sababu mtu alituchukia watu wa Pwani, ingawa hivyo ndivyo ilivyouzwa majukwaani. Ilipelekwa kwa sababu reli ilijengwa kwa mkopo wa Exim Bank ya China, na mpango wa kuulipa ulitegemea reli ipate mzigo wa uhakika. Basi ukiirudisha mizigo barabarani, deni utalilipa kwa pesa gani? Swali hili huwezi kulisikia Tononoka. Ukilipiga kelele kutoka chini, atakayekujibu ni kijana wa tisheti, na hatakujibu kwa maneno.

Ndiyo maana tarehe 26 Julai nilikaa mbele ya televisheni mapema. Na mnajua kilichotokea. Ruto alikuja, Raila hakuja. Kambi yake ilisema haiwezi kugawana jukwaa na mtu asiyetaka kuulizwa habari za ufisadi na maadili. Waandishi wa habari Yvonne Okwara na Eric Latiff wakawa na mgombea mmoja kwa muda wa saa moja na nusu. Waliuliza, tena waliuliza vizuri, siwalaumu. Lakini mwandishi wa habari na mpinzani hawaulizi sawa. Mwandishi akishajibiwa ana swali la pili linamngoja, saa inamkimbiza, na adabu ya kazi inamzuia. Mpinzani hana adabu hiyo wala haitakikani awe nayo. Yeye anajua tarakimu ipi imepindwa, kwa sababu yake mwenyewe ameipinda upande wa pili.

Kinachokera zaidi ni kwamba mwaka 2017 mambo yalikuwa kinyume. Tarehe 24 Julai mwaka huo, kwenye Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, palepale palipofanyiwa ule wa 2022, aliyesimama peke yake kando ya mimbari tupu alikuwa ni Raila, na aliyekwepa alikuwa Uhuru. Watu wa Raila hapa mtaani walizungumza mwezi mzima juu ya dharau ile: rais gani anaogopa maswali, anaficha nini. Miaka mitano baadaye mdomo ni ule ule, na maneno yamegeuka: mdahalo wa nini, kwani mdahalo unaleta unga? Na wa upande wa pili nao wakaokota yale yale yaliyoachwa na wenzao 2017 na kuyatumia kama mapya. Maskani ya wanaume iko chini ya dirisha langu, kwa hivyo nina ushahidi wa masikio, nao wanajua nawasikia.

Na aliyekwepa aliadhibiwa? Mwaka 2017 aliyekwepa alitangazwa mshindi. Mahakama ya Juu ikaufuta ushindi huo tarehe 1 Septemba, lakini kwa mambo ya matokeo yalivyopitishwa, si kwa sababu ya mdahalo, na uchaguzi wa marudio wa 26 Oktoba akaushinda tena. Mwaka 2022 aliyehudhuria ndiye aliyeshinda, kwa asilimia 50.49. Yaani sare, bao moja kila upande. Hakuna sheria inayomlazimisha mgombea kufika, na wapiga kura hatumtozi faini asiyefika. Hapo kosa ni letu kuliko lao. Mwanasiasa hufanya hesabu: nikienda naweza kuteleza, nisipoenda sipotezi kitu. Hata Marekani, walioanzisha mambo haya kwenye televisheni 1960 kwa Kennedy na Nixon, waliona baada ya hapo chaguzi tatu zikipita bila mdahalo wa urais, mpaka 1976.

Mdahalo mzuri kuliko yote ya mwaka 2022, kwa maoni yangu, ulikuwa wa wagombea wenza, tarehe 19 Julai: Martha Karua wa Raila na Rigathi Gachagua wa Ruto. Ulikuwa mzuri kwa sababu moja tu, wote wawili walikuja. Wakatazamana, wakakatizana, na mmoja akisema jambo la kutia shaka mwenzake yuko hapo hapo. Niliutazama na shangazi yangu, mama wa makamo yake ambaye habari za redio hazimpiti hata moja, lakini midahalo hii, kwa sehemu kubwa, huendeshwa kwa Kiingereza. Basi kazi ya kumfasiria ikawa yangu. Na kufasiri kwa shangazi si kazi ya mchezo. Kila nikimaliza kumweleza sera, ananiuliza, "Haya, na unga?" Nikimwambia bado hawajafika kwenye unga, ananyamaza kidogo, kisha tena: "Sasa wamefika?" Kuna wakati Gachagua na Karua walishikana vikali, mimi nikasahau kufasiri, akanipiga kofi la paja: "Niambie, mwanangu! Wanatukanana kwa pesa zangu."

Kesho yake Rais Uhuru, ambaye alikuwa anaondoka na hagombei chochote, akatangaza kwamba pakiti ya unga ya kilo mbili ishuke kutoka shilingi 205 hadi shilingi 100. Shangazi akasema wamemsikia. Kuupata huo unga wa mia dukani ilikuwa ni hadithi nyingine. Duka la jirani lilibandika bei mpya kwenye rafu ambayo haikuwa na kitu juu yake.

Nikitaka kuwa mkweli, kuna mdahalo mmoja ninaoujua ambao uligeuza mambo, ila haukuwa wetu. Tarehe 27 Juni 2024, Biden na Trump, Atlanta. Kwa saa zetu ilikuwa saa kumi alfajiri ya Ijumaa. Wiki ile Mombasa haikuwa inalala vizuri hata hivyo: Jumanne vijana walikuwa wameingia Bunge kule Nairobi kwa sababu ya Mswada wa Fedha, Jumatano rais akasema hatautia sahihi, na kila mtu alikuwa na simu mkononi usiku kucha. Kwa hivyo nikajikuta natazama wazee wawili wa Marekani huku nikingojea adhana. Biden alipoanza kupotelewa na maneno, nilisikia televisheni ya jirani ikipandishwa sauti, nikajua si mimi peke yangu. Tarehe 21 Julai akajitoa. Lakini angalieni vizuri: wapiga kura hawakuhama. Waliohama ni wakubwa wa chama chake mwenyewe, walioona kwa macho walichokuwa wakiambiwa si kweli. Huku kwetu chama ni cha mgombea, si mgombea wa chama. Nani angemwambia akae chini?

Mombasa ilipata pia kitu ambacho kaunti nyingi hazikukipata, kwa bahati tu. Agosti 2022 tulipiga kura ya rais tarehe 9 kama wenzetu, lakini ya gavana ikaahirishwa kwa sababu picha kwenye karatasi za kura zilikuwa na kasoro; Kakamega nao hivyo hivyo. Mwisho tukaipiga tarehe 29. Wengi walikasirika, na wagombea walilia gharama. Mimi niliona ajabu moja katika zile wiki. Rais alishatangazwa tarehe 15. Helikopta zimeondoka, nyimbo za kitaifa zimezimwa, hakuna tena wa kumnunia jirani kwa ajili ya mtu wa bara. Na ghafla maskani ya chini ya dirisha langu ikaanza kuzungumza mambo ya maana: maji ya mfereji yanakuja siku ngapi kwa wiki, takataka za Kibarani zilipohamishwa zimepelekwa wapi, nani atafungua tena vituo vya vijana. Wanaume wale wale! Mzee mmoja ambaye kampeni nzima alikuwa haambiliki, ambaye nina hakika angepigana kwa ajili ya mgombea wake wa urais, nilimsikia akimkosoa mgombea wa ugavana wa chama chake mwenyewe, hoja kwa hoja, huku muuza kahawa amesimama na dele lake amesahau kuondoka. Uchaguzi wa rais ulikuwa umewaziba masikio. Ulipoondoka yakazibuka.

Kwa hivyo nikirudi kwenye swali lenu, mimi mdahalo haunipi mtu wa kumpigia kura. Hunipa maswali, na maswali hayo mimi huyapeleka kwa wale wanaokuja mlangoni: diwani mtarajiwa, mama wa kaunti, kijana wa kampeni mwenye karatasi za kugawa. Hao ninaweza kuwakaba, kwa sababu nawajua walipozaliwa. Mwaka ule nilimkaba mmoja kwa lile swali langu la deni la reli. Alinijibu kwamba "wakubwa wamelipanga". Nikamuuliza wamelipanga vipi, akaniomba maji ya kunywa.

Ruto alipoapishwa uwanjani Kasarani tarehe 13 Septemba 2022, alisema siku ile ile kwamba ukombozi wa mizigo unarudi bandari ya Mombasa. Nilifurahi, nisiwadanganye. Simu zilipigwa afisini mpaka jioni, na watu walisahau kwa muda nani alimpigia nani. Lakini furaha yangu ilikuwa na tundu, maana jibu la swali langu halikutoka na tangazo lile, na deni halikufutwa kwa hotuba. Kama pale Julai pangekuwa na mtu wa pili kwenye mimbari ya pili, angeuliza, si kwa sababu ananipenda bali kwa sababu anataka kushinda, na mimi leo ningekuwa najua kitu.

Uchaguzi ujao ni Jumanne ya pili ya Agosti, yaani tarehe 10 Agosti 2027. Kama jarida lenu lina njia ya kuwafikia waandalizi wa midahalo, ninayo maombi. Kwanza, midahalo yote ya urais mpaka sasa imefanyiwa Nairobi. Mmoja uletwe huku, na uzungumze bandari na ardhi bila ya haraka. Wagombea wakifikiri ni mbali, gari moshi lipo. Pili, asiyekuja asisamehewe: mimbari yake iachwe, kila swali aulizwe kwa jina lake, na muda wake wa kujibu uachwe upite saa ikionekana kwenye skrini, tuone ni dakika ngapi alizotunyima. La lugha nitawaandikia siku nyingine, kwa sababu hilo ni la shangazi, na amesema atalisema mwenyewe.